Usiandike "Napenda Watoto": Kwa Anayeomba Kusomea Ualimu wa Msingi

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Anaomba nafasi ya kusomea ualimu wa shule ya msingi, na fomu inamtaka aeleze mambo mawili kwa ukurasa mmoja: kilichomsukuma kuchagua kazi hii, na falsafa yake ya elimu. "Dada, nimeandika kwamba napenda watoto tangu nikiwa mdogo, halafu nimekwama. Hiyo falsafa ni kitu gani hasa? Mimi hata darasani bado sijaingia."

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitatosha. Swali hilohilo liliwahi kunitoa jasho. Tena, niseme tu ukweli, nina furaha: matokeo ya mazoezi yangu ya mwisho ya kufundisha yametoka na nimefaulu vizuri, vizuri kuliko walivyotarajia watu fulani nitakaowataja huko chini bila majina. Kwa hiyo mnivumilie, leo nina maneno.

Tuanze na hayo mapenzi ya watoto. Kila mwombaji anayaandika. Anayesoma barua hizo ameshakutana na sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba jicho linaipita bila kusimama. Isitoshe, haijibu swali. Shangazi zako wanapenda watoto, dereva wa basi la shule huenda anawapenda kuliko wewe, na hakuna aliyewaomba wafundishe kusoma. Mapenzi hayasemi utafanya nini ile saa ambayo nusu ya darasa imeelewa, nusu haijaelewa, na mmoja ameanza kulia kwa sababu penseli yake imevunjika ncha.

Mimi sikuingia ualimu kwa mapenzi. Niliingia kwa hasira.

Nina mdogo wangu wa kiume, ndiye aliyenifuata. Akiwa darasa la pili alihamishiwa dawati la nyuma, pamoja na wale ambao mwalimu wao aliwaita "wazito". Nyumbani tulishangaa, maana kitabu chake cha kusoma alikuwa akikisoma chote bila kukwama. Jioni moja nimekaa naye, kiganja changu kikafunika picha iliyokuwa juu ya ukurasa. Akanyamaza. Nikaondoa mkono, akaendelea neno kwa neno, hakuna alilokosa. Nikafunika tena, safari hii kwa makusudi. Kimya. Nikafungua ukurasa mwingine, nikaficha picha, nikaweka kidole chini ya neno moja fupi katikati ya mstari. Aliniangalia mimi usoni, kitabu hakukiangalia kabisa.

Alikuwa amekikariri chote kwa kuwasikiliza wenzake. Picha ndizo zilizomkumbusha ukurasa upi unasema nini.

Hebu fikiria kazi aliyoifanya mtoto huyo. Kukariri kitabu kizima, jalada hadi jalada, ili tu asigundulike hajui kusoma. Huyo ndiye aliyeitwa mzito. Na aliyemwita hivyo alikaa naye kila siku ya shule bila kuwahi kufunika picha hata moja. Nilianza kumfundisha upya, ba be bi bo bu, kwa vipande vya karatasi visivyo na mchoro wowote, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa anasoma kweli. Leo ni fundi umeme, anasoma michoro ambayo mimi siielewi hata nikielezwa. Yeye mwenyewe ameshasahau. Mimi sijasahau, na sina mpango.

Sasa ushauri wa kwanza, ambao pengine ndio wa pekee, kwa kuwa hata nitakayoyasema baadaye yatarudi hapohapo: andika ulichokiona. Ya kupenda na ya kuamini yasubiri. Andika kitu ambacho mtoto mmoja alikifanya mbele ya macho yako, kikakufanya usilale vizuri. Kama kilikupa furaha, andika furaha. Kama kilikupa hasira, usione haya.

Tuje kwenye falsafa, neno linalowatisha watu bure. Unaulizwa maswali matatu tu: mtoto hujifunzaje, mwalimu kazi yake nini, na shule ipo kwa ajili ya nini. Unaweza kuyajibu kwa kurasa mia ukitaka. Mimi nimeyapunguza hadi swali moja, na hadi leo halijaniangusha: mtoto akikosea, unafanya nini? Jibu lako la hapo ndiyo falsafa yako, hata kama kwenye karatasi umeandika nyingine.

Nitawaonyesha. Kwenye mazoezi nilikabidhiwa rundo la madaftari ya hesabu. Katika daftari moja kulikuwa na hizi:

52 − 38 = 26
71 − 46 = 35
63 − 27 = 44

Zote zimepigwa mkasi mwekundu, na chini yake neno "Rudia". Mtoto alikuwa amerudia kweli, akapata majibu yaleyale, akapigwa mikasi ileile. Ukitazama harakaharaka unaona mtoto asiyejua kutoa. Tazama tena hiyo ya kwanza. Nane kutoa mbili ni sita. Tano kutoa tatu ni mbili. Ishirini na sita. Nenda kwenye ya pili na ya tatu, utakuta hivyohivyo: katika kila safu anachukua tarakimu ndogo anaitoa kwenye kubwa, iwe juu au chini. Hakuna jibu hata moja la kubahatisha. Mtoto ana kanuni na anaifuata kwa uaminifu wote. Na kanuni yenyewe yawezekana tulimpa sisi walimu, siku tuliposema "huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo" tukaishia hapo.

Hili si jambo nililoligundua mimi. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya namna hii, mengi yakiwa ya kutoa, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa yake si uzembe. Ni utaratibu wenye hitilafu mahali fulani, na mtoto anaufuata hatua kwa hatua. Ukishaijua hitilafu, unaweza hata kutabiri atakachojibu kwenye swali ambalo hajalifanya. Nilijaribu. Nilimwandikia 84 − 59, na kabla hajaanza nikaandika 35 kwenye kiganja changu. Akajibu 35.

Kumwambia mtoto huyo "rudia" ni kumwambia afanye kosa lilelile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Nilichofanya: nilimletea vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mipira. Mafungu matano na vijiti viwili vya pembeni, ndiyo 52. Nikamwomba anipe 38. Akanipa mafungu matatu upesi. Mbele yake yakabaki mafungu mawili na vijiti viwili, na mimi namdai vinane. Akavitazama vile viwili. Akanitazama. Akagusa mpira wa fungu moja, akauliza kwa sauti ya chini: "Naruhusiwa kulifungua?"

Jibu lililobaki mezani lilikuwa 14, wala sikulazimika kumwambia kwamba 26 si sahihi. Alirudi mwenyewe kwenye daftari.

Niliandika tukio hilo kwenye falsafa yangu, kama nilivyowasimulia hapa. Mkufunzi mmoja, simtaji, akaisoma mbele ya darasa zima kwa ile sauti ya kuchekesha, akamaliza kwa kusema, "Hii ni hadithi. Falsafa iko wapi?" Watu wakacheka. Waliocheka sana ni wale walioandika kwamba mwalimu ni mshumaa unaojiunguza ili kuwaangazia wengine, jambo ambalo ukilitafakari ni la kutisha kidogo. Bado linaniuma, ndiyo. Lakini alichotaka nilikielewa: alitaka majina makubwa. Nikaenda maktaba kuyatafuta, na nikakuta hayo majina makubwa yananiunga mkono mimi.

Chukua Maria Montessori. Alikuwa daktari wa Italia, na mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Katika vifaa vyake kuna silinda za mbao zenye unene tofauti, kila moja na tundu lake. Mtoto akiweka nyembamba kwenye tundu pana, mwisho atabaki na silinda isiyo na pa kuingia. Mwalimu hasemi neno. Kosa linajionyesha lenyewe, na mtoto anarudi nyuma kutafuta alipopotea. Vile vijiti vyangu na mipira vilifanya kazi hiyohiyo, na nilikuwa sijasoma hata ukurasa mmoja kumhusu.

Au Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1896, mwaka mmoja na Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, akafa mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu. Hoja yake inayonukuliwa kila mahali ni kwamba kuna eneo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa, na kufundisha kwenye maana kunafanyika humo. Ni rahisi kuiandika. Ugumu ni kumpata mtoto huyu, leo, yuko wapi katika eneo hilo. Utalijuaje bila kuchunguza anavyokosea? Akipata yote unajua hujafika kwenye eneo. Akikosa yote bila mpangilio umelipita. Anapokosea kwa mpangilio, kama yule wa 26, ndipo ulipo mlango.

Piaget naye ninampenda, hasa kwa sababu ya waliombishia. Wengi mnalijua jaribio lake la maji: glasi mbili sawa, maji sawa, unamimina moja kwenye glasi ndefu nyembamba, unamwuliza mtoto wa miaka mitano ipi ina maji mengi. Wengi huonyesha ndefu. Alifanya pia majaribio ya aina hiyo kwa safu mbili za vitu vyenye idadi sawa: unaitandaza safu moja, unauliza tena ipi ina vingi, na watoto wanasema ile iliyotandazwa. Miaka ya 1970, huko Uskoti, James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia jaribio la safu kwa mabadiliko madogo. Badala ya mtu mzima kuivuruga safu, alitokea mwanasesere mtundu wa dubu "akaharibu" mchezo. Safari hii watoto wengi zaidi walijibu sawasawa kwamba idadi ni ileile. Maelezo ya watafiti hao yalinigusa: mtu mzima akibadilisha kitu kwa makusudi mbele ya mtoto kisha akarudia swali lilelile, mtoto anadhani jibu lake la kwanza halikutakiwa.

Sisi tunafanya hivyo mchana kutwa. Sikilizeni walimu wanavyosema "Una uhakika?" Ni lini wanasema? Mtoto anapokosea. Akipata, wanasema "vizuri" wanaendelea. Watoto si wajinga, wanaijua alama hiyo mapema sana, na wakiisikia wanafuta jibu bila hata kulifikiria. Mimi sasa nauliza "umefikaje hapo?" kwa jibu sahihi na kwa jibu bovu, kwa sauti moja. Mwanzoni waliopata walikuwa wanafuta majibu yao sahihi kwa woga. Baadaye wakazoea, wakaanza kuelezana wenyewe.

Na mkishauliza, subirini. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipopima ukimya baada ya swali la mwalimu alikuta wengi wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mtoto mwingine au kujibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Sekunde tatu ukiisoma hapa ni kitu kidogo. Simama mbele ya watoto arobaini wanaokukodolea macho, uzihesabu kimoyomoyo. Utahisi umesahau somo, utahisi mkaguzi aliye nyuma ya darasa anaandika jambo baya. Alikuwa anaandika kweli. Kwenye ripoti yangu, ambayo nimeihifadhi na nitaendelea kuihifadhi, ameandika kwamba "mwalimu anawapa wanafunzi muda wa kufikiri".

Miaka ya chuo kwa jumla naipita, hakuna cha kusimulia. Masomo, mitihani, foleni.

Nisichoweza kukipita ni swali la "kwa nini si sekondari?", kwa sababu mtaulizwa kwenye usaili, na hata msipoulizwa huko mtaulizwa nyumbani. Mjomba wangu aliuliza mbele za watu: "Alama zote hizo, ukafundishe a e i o u?" Sikumjibu siku ile, yeye ni mjomba. Namjibu hapa.

Ndiyo, mjomba, a e i o u. Wewe ulishawahi kumfundisha mtu asiyejua kwamba maneno yana vipande? Nilikuwa na msichana aliyesoma "baba" akasema "dada", darasa likaangua kicheko. Wengine waliona mtoto hasikii au hajali. Lakini tangu azaliwe, macho yake yamejifunza kwamba kitu ni kilekile kikigeukia upande wowote. Kikombe kinabaki kikombe, mkono wake ukiwa kulia au kushoto. Leo anafika shuleni tunamwambia hapana, kwa herufi hizi mbili upande ndio kila kitu, ukigeuza tumbo la b unapata d na baba yako amekuwa dada yako. Kuchanganya herufi hizo mwanzoni ni jambo la kawaida kwa watoto wengi, na ni matokeo ya ubongo unaofanya kazi yake sawasawa. Anayejua hivyo hamcheki mtoto, wala hawaachi wenzake wamcheke. Anamfundisha herufi moja hadi iive, ndipo anamletea ya pili, na anamwandikisha kwa kidole hewani ili mkono ukumbuke kinachosahauliwa na jicho.

Mwalimu wa kidato cha nne akikosea kidogo, kitabu kipo na mwanafunzi anajua kusoma, atajisomea. Mwalimu wa darasa la kwanza akikosea, mtoto hana kitabu cha kukimbilia, kwa kuwa kusoma kwenyewe ndiko alikotakiwa afundishwe. Alama kubwa zilitakiwa ziende huko kwanza. Inanishangaza kwamba tunawapeleka wenye sifa nyingi kwa watoto ambao tayari wameshavuka, na waliobaki tunawapa wanaoanza, halafu tukifika juu tunalalamika kwamba wanafunzi hawajui kuandika sentensi. Nani aliwafundisha, na tulimheshimu kiasi gani? Na nyinyi mnaoomba ualimu wa msingi kwa sababu mmekosa mlichokitaka, nawaomba kwa heshima zote, msije. Kuna mtoto huko ambaye amekariri kitabu, na hamtamwona.

Nimepanda mimbari, najua. Nirudi kwa msomaji wangu aliyeniandikia.

Unasema hujaingia darasani, sasa utaona wapi hicho cha kuandika? Huhitaji darasa. Tafuta mtoto mmoja aliye karibu nawe, ndugu, jirani, yeyote, aliyekwama kwenye hesabu au kusoma. Kaa naye saa moja. Usimsahihishe chochote, hapo ndipo utateseka. Kila akijibu mwulize amefikaje hapo, nyamaza, uandike maneno yake kama alivyoyasema. Ukimaliza, usiku huo huo, jiulize alikuwa anafuata kanuni gani. Hiyo ndiyo aya yako ya kwanza. Aya ya pili ni jinsi ambavyo ungemsaidia aione kanuni hiyo mwenyewe. Aya ya tatu weka mwananadharia mmoja, mmoja tu, aliyesema jambo linalohusiana na ulichokiona, na useme linahusianaje. Waombaji wengi wanapanga majina matano kwenye mstari mmoja kama orodha ya wageni waalikwa, kisha hakuna anayefanya kazi yoyote kwenye barua. Sehemu ya kilichokusukuma iandike mwisho, ukishamaliza hizo nyingine. Utashangaa itakavyokuja fupi na ya kweli.

Ukishamaliza, pita kila sentensi ukijiuliza kama mwombaji mwingine angeweza kuiweka kwenye barua yake bila kubadilisha neno. Kama angeweza, ifute. Utabaki na nusu ukurasa, usiogope, ongeza ulichokiona.

Na ukikutana na mtu wa kukuambia kwamba hiyo ni hadithi tu, mwongezee jina la Vygotsky na mwaka wake, hadithi uiache palepale ilipo.